Kufunga heda mpya kwenye Subaru Impreza ya turbo ukiwa nyumbani

Gari linalozungumziwa hapa ni Subaru Impreza WRX yenye injini ya EJ20 ya turbo, kuanzia ya bodi ya GC8 hadi zile za bodi za GD na GG zilizofuata, pamoja na Forester SG5 ambayo injini yake ni ya ukoo huohuo. Ndilo gari la kasi ambalo kijana wa Nairobi, Mombasa au Arusha anaweza kulipata mtumba na kulichokonoa mwenyewe. Mapenzi hayo hayakuanza jana: Patrick Njiru alimaliza wa nne na Impreza kwenye Safari Rally ya 1994, Colin McRae akashinda nayo 1997, Richard Burns naye 2000. Waliokuwa watoto kandokando ya barabara miaka ile ndio wanaonunua heda leo, yaani mabomba yanayokusanya moshi wa silinda na kuupeleka kwenye turbo.

Katika injini ya boksa silinda zimelala, mbili kila upande, na matundu ya kutolea moshi yanatazama chini. Kwa hiyo heda iko chini kabisa ya injini, na mtu aliyelala chali anaifikia bila kufungua nusu ya gari. Kwa ufundi si kazi ya kutisha. Inaharibikia mahali pawili tu: stadi (bolti zisizo na kichwa zilizopandwa kwenye injini) zilizoshikwa na kutu, na flenji (bamba za kuungia mwishoni mwa mabomba) zinazolazimishwa kukutana. Silinda hedi, kifuniko cha silinda ambako heda inafungwa, ni ya alumini, na uzi wa matundu yake ukishaliwa, bei ya heda itaonekana ndogo. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu ni ya nati. Habari za nguvu za farasi ziko chini kabisa.

Kabla hujatoa pesa

Jua kwanza turbo yako ni ya aina gani. WRX nyingi na Forester SG5 zina turbo ya skroli moja, yaani moshi wote unaingia kwa mlango mmoja. STI (toleo kali zaidi la WRX) za soko la Japani za kuanzia mwishoni mwa 2002, na Legacy GT za BL5 na BP5, zina twini skroli: moshi wa silinda 1 na 2 unaingia kwa mlango wake, wa 3 na 4 kwa mlango mwingine. Heda za aina moja hazifungi kwenye nyingine. Muuza spea akikwambia "ni ya Subaru, itaingia", mwombe namba ya modeli na ya injini ya gari ambako heda hiyo ilitolewa. Akikosa, rudi na pesa zako.

Suala la pili ni sauti, na hapa watu hujuta. Mpangilio wa kuwaka wa EJ20 ni 1-3-2-4. Silinda 1 na 3 ziko kulia, 2 na 4 ziko kushoto, hivyo upande mmoja unapiga mara mbili mfululizo, kisha mwingine mara mbili. Kwenye heda ya kiwandani ya skroli moja mabomba hayalingani urefu, kwa kuwa turbo iko kulia nyuma ya injini na moshi wa kushoto unapaswa kwanza kuvuka chini ya injini. Mapigo yanafika yakiwa yamechelewana, na huo ndio mdundo ambao mtu anautambua Subaru ikiwa bado haijakunja kona. Ukifunga heda yenye mabomba yanayolingana, turbo inaamka (inaanza kusukuma hewa) mapema zaidi, injini inavuta vizuri kutoka chini, na mdundo unakwisha. Gari linalia kama gari lingine lolote la silinda nne. STI za twini skroli hazina mdundo huo tangu kiwandani. Amua unachotaka kabla ya kununua. Binafsi ningechukua za kulingana kwa gari la kukimbizwa, na zisizolingana kwa gari la kutembelea mjini, ambako turbo kuamka mapema kidogo hakuna atakayekuona nako kwenye foleni ya Mombasa Road.

Ukiwa dukani, ishike heda mkononi na uikague hivi. Weka rula ya chuma au kipande cha kioo juu ya flenji ya upande wa injini. Mwanga ukipenya chini yake, flenji imepinda na gasketi haitaizuia. Ingiza kidole ndani ya kila mdomo na uzungushe. Ukigusa matone ya kulehemu yaliyoganda kwa ndani, hiyo ni hatari ya kweli kwenye gari la turbo: tone likibanduka linaenda moja kwa moja kwenye mapanga ya turbo. Mwenye duka akikuruhusu kuyasaga na kuyasafisha, sawa. Vinginevyo chagua nyingine. Kama ni ya mtumba, iangalie pale mabomba yanapokutana, kwa tochi na kwa kucha, maana nyufa huanzia hapo.

Chuma cha pua cha daraja la 304 kinavumilia kutu kuliko 409, na vyote viwili vinakizidi chuma cha kawaida kilichopakwa rangi ya fedha ili kimetamete. Kwa anayeishi pwani hilo si jambo la kubahatisha. Upepo wa chumvi haubagui.

Vya kuwa navyo mkononi

Gasketi mpya mbili za pale heda inapokutana na silinda hedi, za chuma zenye tabaka kadhaa, na moja ya pale heda inapoungana na paipu inayopanda kwenda kwenye turbo. Usirudishie za zamani hata zikionekana nzima, kwa sababu zilishabanwa na kuchukua umbo la flenji nyingine. Stadi na nati mpya, saizi ya M10 yenye uzi wa 1.25. Soketi ya milimita 14 yenye pembe sita, si kumi na mbili, kwa kuwa ya kumi na mbili inakwangua pembe za nati iliyokwishakonda kwa kutu. Viendelezo virefu na kiungo cha kukunja, racheti, na bomba la kuongezea mpini. Spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, hata ya kuazima. Soketi ya milimita 22 yenye mfereji ubavuni kwa ajili ya sensa ya oksijeni. Mafuta ya kulegeza kutu, grisi ya shaba, brashi ya waya ya shaba, miwani ya kukinga macho. Jeki ya magurudumu, stendi mbili imara, na vigingi vya magurudumu ya nyuma.

Stendi zikikosekana, ahirisha kazi. Tofali la saruji halipindi kwanza ili likuonye, linapasuka ghafla. Na jeki peke yake ni ya kuinulia gari, si ya kulishikilia wakati kifua chako kiko chini yake.

Jioni ya kuamkia kazi

Lala chini ya bampa ya mbele ukiwa na tochi na unyunyizie kila nati mafuta ya kulegeza kutu: zinazoshika heda kwenye silinda hedi pande zote mbili, za kiungo cha paipu ya turbo, bolti za ngao za joto, na shingo ya sensa. Fanya hivyo ekzosi ikiwa imepoa. Ukinyunyiza kwenye bomba la moto unaweza kuwasha moto. Rudia baada ya saa chache, na asubuhi tena. Magari yaliyotoka sehemu za Japani zenye theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi, huja na kutu ya chini ambayo huioni kwenye picha za mnada. Kama lako ni mojawapo, lipe dawa siku mbili.

Kuliinua

Egesha kwenye sakafu ngumu iliyo tambarare. Kokoto na lami iliyolainika kwa jua hazifai. Weka vigingi nyuma ya magurudumu ya nyuma, breki ya mkono juu, gia ndani. Inua kwa mbele kwenye sehemu iliyoonyeshwa na kitabu cha gari. Kamwe usiweke jeki chini ya sampu (bakuli la mafuta ya injini) wala chini ya heda yenyewe. Weka stendi kwenye sehemu zilizoimarishwa za ubavuni, shusha gari lizikalie, kisha litikise kwa nguvu ukiwa umesimama nje. Kama ni la kuanguka, lianguke sasa. Ondoa waya hasi wa betri.

Kuivua ya zamani

Anza na kifuniko cha plastiki cha chini, kisha ngao za joto. Bolti zake ndogo hupenda kukatika. Zikikatika usihuzunike, hizo hazibebi kitu kikubwa. Lakini usizitupe ngao kabla ya kuona kama heda mpya inazikubali, kwa sababu zinalinda raba za drafshafti (shafti zinazozungusha magurudumu) na stiaringi.

Kama gari lako lina sensa ya oksijeni kwenye heda, chomoa kwanza plagi yake ya umeme juu, ndipo uifungue. Waya ukijipinda pamoja na sensa, umeiua.

Legeza kiungo cha heda na paipu ya turbo kabla ya kugusa nati za silinda hedi, wakati heda bado imeshikwa na haichezi. Halafu nenda kwenye nati. Hapa polepole. Ingiza soketi mpaka mwisho, bonyeza racheti isikengeuke, na uvute kwa nguvu inayopanda taratibu badala ya kushtua. Nati ikisogea robo mzunguko kisha ikakaza tena, usiendelee kuilazimisha. Irudishe ndani kidogo, nyunyizia mafuta, ngoja, itoe tena. Utaona unga mwekundu wa kutu ukitoka na mafuta kwenye uzi. Hiyo ni dalili nzuri. Kwenda na kurudi namna hiyo kunachosha mkono na kunaokoa stadi. Wakati mwingine nati itatoka pamoja na stadi yake nzima, na hilo ni jambo la kushukuru, kwa kuwa unafunga mpya hata hivyo.

Bakiza nati moja kila upande ikiwa imelegea lakini haijatoka. Weka jeki yenye kipande cha ubao chini ya heda, ndipo uzimalizie. Heda ya zamani ni nzito na haitoi taarifa, na uso wako uko chini yake.

Stadi ikikatika

Ikiwa imebakiza sehemu nje ya hedi, bado hujaharibu kitu. Funga nati mbili juu yake, zikaze moja dhidi ya nyingine, kisha zungusha ile ya ndani. Ikikataa, fundi wa kulehemu aweke nati juu ya kisiki na aichomelee kupitia tundu lake. Joto lenyewe hulegeza kutu, na nati hukupa mahali pa kushika. Kwa kuchomelea, hakikisha betri imetenganishwa, na hakuna mafuta yaliyomwagika wala kitambaa chenye mafuta karibu. Ikiwa imekatika usawa na alumini au ndani, acha hapo. Kutoboa chuma kigumu kilichozungukwa na alumini laini, ukiwa umelala chali na drili mkononi, ni namna ya kununua silinda hedi. Mwite fundi mwenye vifaa vya kutoboa katikati na kuweka uzi mpya wa chuma. Malipo yake ni haki yake.

Ukiwa hapo chini

Angalia gasketi za vifuniko vya valvu. Kwenye EJ zikianza kuvuja, mafuta hudondokea heda na ndiyo harufu ya kuungua unayoisikia ukisimama kwenye taa. Kuzibadilisha sasa, njia ikiwa wazi, ni rahisi kuliko kungojea. Tazama pia raba za drafshafti kama zimepasuka.

Kusafisha na kujaribisha

Ziba matundu ya moshi kwa kitambaa safi, na uhesabu vitambaa ulivyoingiza. Bandua mabaki ya gasketi kwa kikwangulio cha plastiki na brashi ya shaba. Bisibisi na diski ya kusagia viweke mbali. Mkwaruzo mmoja unaovuka uso wa alumini ni njia ya moshi. Pitisha tapu (kifaa cha kukatia uzi) ya M10 kwa mkono kwenye matundu ya stadi ili kusafisha uzi, kisha ingiza stadi mpya mpaka zifike chini, bila kuzikaza kwa nguvu. Toa vitambaa. Vihesabu tena.

Sasa laza heda mbili sambamba juu ya katoni: ya zamani na mpya. Linganisha umbali kati ya flenji, pembe ya mdomo wa kuelekea turbo, na mahali pa sensa. Baada ya hapo ipandishe mpya bila gasketi, uishike kwa nati mbili za mkono. Inapaswa kukaa kwenye pande zote mbili na kufika kwenye paipu ya turbo bila kuvutwa. Ikiwa upande mmoja umekaa na mwingine umeachana kwa milimita kadhaa, bolti zitauvuta, ndiyo, na heda itaonekana imefungwa. Itafanya kazi ikiwa imejikaza hivyo, ikipanuka na kunywea kwa joto kila siku, mpaka ipasuke kwenye mshono. Heda ya namna hiyo hurudishwa dukani.

Chungulia nafasi kati ya mabomba na krosmemba, sampu, filta ya mafuta, stiaringi na raba za drafshafti. Kidole kipite. Chuma kikiwa cha moto kinarefuka, na injini nayo hutikisika kwenye mipira yake unapokanyaga mafuta.

Kuifunga

Weka gasketi kavu. Gundi ya silikoni haina kazi hapa. Paka grisi ya shaba kidogo kwenye uzi wa stadi. Pandisha heda kwa jeki na ubao, anza nati zote kwa vidole, pande zote mbili, na bolti za paipu ya turbo pia kwa vidole. Usikaze yoyote mpaka zote zimeingia. Nati inayokataa kuanza kwa vidole imekaa upande. Itoe uianze upya.

Ndipo ukaze nati za heda kwenye silinda hedi kwa awamu, kutoka nati ya katikati kwenda za pembeni, ukibadilisha upande wa kulia na wa kushoto. Pita mara ya kwanza kwa Nm (nyutoni-mita) 15 hivi, mara ya pili 25, ya mwisho kwa kipimo cha kitabu cha injini yako. Kwa EJ huwa kati ya 30 na 40. Kwa kuwa umepaka grisi, uzi unateleza, basi baki upande wa chini wa kipimo hicho. Kiungo cha paipu ya turbo ndicho cha mwisho.

Sensa: grisi ya shaba kwenye uzi tu, isiguse ncha. Ingiza kwa mkono kwanza, na hakikisha waya hauning'inii karibu na bomba.

Watu huuliza kuhusu utepe wa joto. Unasaidia turbo kwa kubakiza joto ndani ya bomba, lakini unanyonya maji ya mvua na kuyalalisha juu ya chuma. Kwa heda ya chuma cha kawaida, na hasa Mombasa, Tanga au Dar, utepe huo huila heda kimyakimya. Kama unataka kupunguza joto, rangi ya kauri inayochomwa kiwandani ni bora, na inafanywa kabla ya kufunga.

Kuwasha

Gari litoke nje, mahali penye hewa. Moshi wa ekzosi una kaboni monoksidi, haina harufu, na inaua mtu ndani ya gereji iliyofungwa.

Futa alama za vidole na mafuta kwenye heda kwa kitambaa chenye spiriti, iache ikauke. Washa na usikilize kabla injini haijapata joto. Sauti ya tiki-tiki inayofuata mzunguko wa injini ni uvujaji, na husikika vizuri zaidi wakati wa baridi kwa sababu chuma kikipanuka huziba kiasi. Moshi mwepesi wa dakika za kwanza ni mafuta ya mikono na ya kiwandani yakiungua. Ukiendelea baada ya robo saa, chunguza kinachodondoka.

Ili kupata uvujaji mdogo, zima, acha ipoe, kisha puliza hewa kwenye mdomo wa ekzosi nyuma kwa mashine ya vumbi iliyogeuzwa upande wa kupulizia, na nyunyizia maji ya sabuni kwenye viungo. Povu litakuonyesha. Usiupuuze hata ukiwa mdogo: uvujaji kabla ya turbo unaichelewesha kuamka, na ukiwa kabla ya sensa unaingiza hewa ya nje, kompyuta inadhani petroli ni pungufu na kuongeza nyingine.

Endesha taratibu mwendo mfupi, acha injini ipoe kabisa, halafu pitia tena nati zote kwa spana ya toki. Gasketi mpya hukaa baada ya joto la kwanza, na utakuta nati moja au mbili zimelegea. Rudia baada ya juma moja.

Nguvu, tyuni na askari

Heda peke yake kwenye gari la turbo haikupi farasi wengi. Kinachobadilika ni kasi ya turbo kuamka. Kwa kuwa moshi unapita kwa urahisi zaidi, shinikizo la turbo linaweza kupanda kupita kipimo cha kiwandani, hasa kama ekzosi ya nyuma nayo ilishafunguliwa. Funga geji ya busti, inayoonyesha shinikizo hilo, na usikanyage mpaka mwisho kabla fundi wa tyuni hajasoma mchanganyiko wa hewa na petroli na kurekebisha kompyuta. EJ20 inayokosa petroli chini ya shinikizo hutoboa pistoni, na hapo heda haina lawama.

Silensa ya nyuma iache. Nchini Kenya kuna kanuni za NEMA (mamlaka ya mazingira) za 2009 kuhusu kelele, na askari wa trafiki hahitaji kipimo ili akusimamishe saa nne za usiku.